Jirani kushangilia kabla yako sio king'amuzi kibovu

Mhariri,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile barua ya msomaji wenu wa Sakina, Arusha, anayelalamika kauziwa king'amuzi kibovu kwasababu kila Simba au Yanga ikifunga jirani yake anapiga kelele kwanza, wakati kwake mpira bado uko katikati ya uwanja. Mimi ni fundi wa madishi hapa Moshi, Pasua na Majengo wengi wananijua, na hilo swali naulizwa mno, kuna mzee mmoja mpaka alitaka nimng'olee waya wote wa nyumba niweke mpya. Sasa ndugu yangu wa Sakina asirudishe king'amuzi dukani, mangi wa watu hana kosa. Kiko salama kabisa, ila kinachelewa, na vyote vinachelewa, vinapishana tu kiasi.

Watu wakiona dishi wanasingizia setilaiti kwamba iko mbali. Mbali ni kweli, kama kilomita 35,800 juu ya ikweta. Lakini picha inasafiri kwa mawimbi ya redio na hayo yanakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde moja, kwahiyo kupanda mpaka kule na kushuka inakula kama robo sekunde, hapo hata neno goli hujalimaliza kulitamka.

Mchawi mwenyewe ni kubana picha. Picha ya mpira ikitoka kwenye kamera ni nzito haipitiki hivyo ilivyo, lazima ikandamizwe, na mashine ya kukandamiza haitumi kila picha nzima nzima, inatuma moja kamili alafu zinazofuata inatuma yaliyobadilika tu, mchezaji kasogea, mpira umehama, nyasi ni zilezile hazina haja ya kutumwa tena. Ili ijue nini kitabadilika inabidi ishikilie picha za nyuma mpaka ione na za mbele. Ikitoka hapo inaunganishwa na chaneli zingine, inafungwa ili asiyelipia asione, inapanda, inashuka, na king'amuzi chako nacho kinahitaji muda wa kuifungua na kuikunjua. Kila mmoja anakata chake, mwisho wa siku sekunde kadhaa zimeshaenda. Enzi za analojia picha ilikuwa inakuja na chenga zake hivyohivyo lakini haikuwa na hizi foleni. Analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, huku kwetu Kaskazini ikafuata mwaka 2013, tukaambiwa picha itakuwa safi na kweli ni safi, hili la kuchelewa sikumbuki kumsikia mtu akilisema kwa mwananchi wa kawaida.

Simu ndo balaa kabisa. Mpira wa kwenye intaneti hauji kama maji ya bomba, unakatwa vipande vipande na simu inavivuta kimoja kimoja. Ule mfumo ambao Apple waliutoa mwaka 2009, na ambao mpaka leo unatumika sana, mwanzoni walishauri kila kipande kiwe cha sekunde 10, na programu ya kuchezea ilikuwa inasubiri vipande vitatu vifike ndo ianze kukuonyesha ili bando ikiyumba picha isikwame. Piga hesabu mwenyewe, hapo nusu dakika imekwenda na mpira hata hujauona. Baadaye wakashusha kipande kuwa sekunde 6 na siku hizi kuna mbinu za kupunguza zaidi, ila kwa mtandao wetu wa jioni, pale kila mtu yuko hewani, usitegemee sana.

Redio ya kawaida ya FM ndo inaongoza mara nyingi. Sauti ni nyepesi, haina mambo mengi, mtangazaji akiwa uwanjani anaongea na wewe unasikia karibu hapohapo. Nasema mara nyingi kwasababu redio nayo ikisikilizwa kwenye programu ya simu inachelewa kama wenzake, na hata ya FM kuna stesheni zinazochelewesha makusudi sekunde chache kwenye vipindi vya kupiga simu ili mtu akitukana wawahi kumkata. Si mnasikia mtangazaji anavyogomba, "zima redio yako hapo pembeni nakusikia mara mbili", basi ile sauti ya pili ndo kuchelewa kwenyewe nakokuzungumzia.

Njooni Majengo siku ya dabi mjionee. Kuna mtaa una kibanda umiza kinatumia dishi, mkabala yake kuna kinyozi ana king'amuzi cha antena, na pembeni wapo vijana wa bodaboda wamekusanyika kwenye simu moja iliyoegeshwa kwenye tenki la pikipiki. Mlinzi wa duka la jirani ana redio yake ndogo ya betri mfukoni. Goli likiingia yule mzee mlinzi anaguna tu, "eeh wamefunga", alafu upande mmoja wa barabara unalipuka, upande wa pili unafuata, na wale wa bodaboda wanageuka wanatukana kwamba wameharibiwa utamu, kwao kipa ndo kwanza anapiga goli kiki. Wameanza kumlipa yule mzee soda anyamaze.

Haya yangekuwa ni ya kuchekesha tu nisingewasumbua Mhariri. Kinachonifanya niandike ni hawa vijana wanaobeti laivu. Sisemi watu wasibeti, mtu mzima na hela yake, ila aisee hebu angalieni kinachotokea. Dogo anaangalia mpira kwenye simu, timu yake imepata penati, anafungua haraka upande wa kubeti anakuta odi, yaani kile kiwango cha malipo, ya timu yake kufunga bado imenona, anashangaa, anaona hawa wamelala leo nawapiga, anaweka elfu kumi. Kumbe hawajalala. Ile penati ilishapigwa ikagonga mwamba ikaokolewa, ndo maana odi imepanda, ni yeye tu kwenye simu yake hajafika huko. Kampuni za kubeti haziangalii picha unayoangalia wewe, zinapata taarifa kutoka kwa watu waliokaa uwanjani kabisa, kazi yao ni kubonyeza kona, kadi, penati pale pale inapotokea. Na zinajilinda zaidi, ukiweka hela inazungukazunguka sekunde kadhaa kabla ya kukubali, kijana analaumu mtandao wakati ndo wanaangalia kama kuna kitu kimetokea hapo katikati. Kwahiyo mwenye duka anaona kilichotokea sasa hivi na mteja anaona cha nusu dakika nyuma, alafu chini ya skrini hiyohiyo linapita tangazo linamwambia beti sasa mchezo unaendelea.

Hizi sekunde sio kitu kidogo, watu wamekamatwa kwa ajili yake. Januari 2014 kule Melbourne kwenye mashindano ya tenisi ya Australian Open polisi walimkamata Mwingereza mmoja aliyekuwa anatuma matokeo ya kila pointi akiwa amekaa jukwaani, kifaa kimefichwa kwenye nguo, ili wenzake wabeti kabla taarifa rasmi haijafika. Kesi yenyewe ilifutwa baadaye. Lakini angalia, mtu kasafiri, kakata tiketi, kashonea kifaa kwenye nguo, vyote hivyo awahi sekunde chache tu. Sisi huku tunazigawa bure tena nusu dakika nzima.

Ombi langu kwenu gazeti ni hili. Kurasa zenu za michezo zinatoa odi na utabiri kila wikiendi, basi pembeni yake wekeni mstari mmoja tu unaosema picha ya simu na ya king'amuzi inachelewa na anayebeti laivu anabeti kwa habari ya zamani. Na wale wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, mkipata nafasi ya kuwahoji waulizeni kwanini tangazo la kubeti laivu linaruhusiwa kupita juu ya picha inayochelewa bila kumwambia mtazamaji inachelewa kiasi gani. Kupima sio kazi ya mtaalamu wa Ulaya, mwandishi wenu akae chumba kimoja na redio, TV ya antena, TV ya dishi na simu mbili za mitandao tofauti, ashike saa. Vifaa vya kupimia naweza kuwaazima, nauli ya Coaster kutoka Arusha mnaijua wenyewe.

Na hilo lifanyike kabla ya AFCON 2027 ambayo tumepewa sisi na Kenya na Uganda, maana Arusha ina uwanja wake Olmoti na hapo itakuwa vituko. Sauti ya kawaida inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo aliye kilomita mbili kutoka uwanjani kelele za goli zinamfikia kama sekunde sita baadaye, upepo ukiwa upande wake. Huyo anaweza kusikia goli kwa masikio yake kupitia dirishani kabla TV yake haijamwonyesha, na yule wa kwenye simu atakuwa bado sana. Ndugu yangu wa Sakina ajiandae, safari hii hatashindana na jirani peke yake.

Fundi wa madishi,
Pasua, Moshi