Shujaa wa Homer si misuli mitupu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya mashujaa wa tenzi za Ugiriki ya kale. Mimi niliyefundisha fasihi maisha yangu yote siwezi kunyamaza. Mwandishi amewachora kama watu wa misuli na upanga tu. Sivyo walivyo kwa Homer, mshairi anayesemwa kutunga tenzi za Iliad na Odyssey.

Achilles, mpiganaji bora kuliko wote katika Iliad, utenzi wa vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy, analia ufukweni akimwita mama yake, Thetis, mungu wa kike wa bahari, kwa sababu Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, amemvunjia heshima mbele ya jeshi. Heshima ndiyo roho ya shujaa huyu. Anajua akibaki Troy atakufa kijana na jina lake litadumu. Akirudi kwao ataishi miaka mingi bila sifa. Na wajibu upo pia: katika kitabu cha 12, Sarpedon, anayepigana upande wa Troy, anamwambia mwenzake Glaucus kwamba wao hupewa viti vya heshima, nyama nono na vikombe vilivyojaa, kwa hiyo lazima wasimame safu ya mbele vitani.

Odysseus, shujaa wa Odyssey, namwacha, ujanja wake unajulikana.

Lakini kitabu cha 24 kimerukwaje? Priam, mfalme mzee wa Troy, anabusu mikono ya Achilles iliyomuua mwanawe Hector. Achilles anamkumbuka baba yake mwenyewe, wanalia pamoja, kisha anamrudishia maiti na kuahidi kusimamisha vita hadi mazishi yaishe. Kwangu mimi, ushujaa wake hapo unaupita ule wa siku aliyomshinda Hector.

Naomba mchapishe sehemu ya pili ya makala, yenye tukio hilo.

Mwalimu mstaafu wa fasihi