"Waive" si kusamehewa

Mhariri,

Mwezi uliopita shangazi yangu aliniletea fomu ya mkopo niipitie kabla hajasaini. Kurasa mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Kifungu cha sita kilikuwa kimemfurahisha: "Mkopaji amesamehewa haki ya kupewa notisi."

"Wamenisamehe, mwanangu," akasema, kalamu tayari mkononi.

Nikasoma upande wa kushoto. Pale palikuwa na kitenzi "waive", yaani kuacha haki yako, na anayeiacha ni shangazi mwenyewe. Akichelewesha marejesho, wanakuja kubeba friji na cherehani bila hata barua ya onyo.

Naona mfasiri alivyoteleza. Shule ikiacha kumdai mwanafunzi ada, Waingereza hutumia kitenzi hichohicho, nasi tunasema "wamemsamehe ada", na ni sawa kabisa, kwa kuwa mdai ni shule. Lakini kwenye fomu ile mwenye haki ni mkopaji. Atasamehewaje kilicho chake?

Neno lenyewe halijawahi kuwa na upole. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa kilichotumika katika mahakama za Uingereza zama za kati, likiwa na maana ya kutelekeza. Mwizi akikimbizwa, akabwaga mzigo njiani ili awe mwepesi, mzigo huo uliitwa "waif". Usidhani mwenyewe alirudishiwa! Sheria iliutwaa kuwa mali ya mfalme, na mwanasheria William Blackstone, katika karne ya 18, alieleza kuwa hiyo ni adhabu kwa mwenye mali kwa kutomfukuza mwizi yeye mwenyewe. Umeibiwa, na bado kosa ni lako. Baadaye "waif" likawa jina la mtoto asiye na kwao. Hata mwanamke aliyekaidi wito wa mahakama hakuwekwa nje ya sheria kwa neno "outlaw" walilopewa wanaume, maana wanawake hawakula kiapo cha kuitii. Yeye alisemwa kuwa "waived", yaani ametupwa.

Siku hizi wanaojua uzito wa neno hili hulizungushia uzio. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema kinga ya mwanadiplomasia ya kutoshtakiwa huachiliwa na nchi iliyomtuma, tena kwa tamko la wazi. Marekani, tangu kesi ya Miranda ya mwaka 1966, mtuhumiwa anaweza kuachilia haki yake ya kunyamaza mbele ya polisi, ila iwe kwa hiari na akijua anachokiacha. Balozi anatamkiwa waziwazi, mtuhumiwa anaelezwa kwanza. Shangazi yangu, mkopaji wa kawaida, anaandikiwa kinyume.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunacho "kuachilia", na kinatosha: "Mimi mkopaji naachilia haki yangu ya kupewa notisi." Ni maneno machache, na aliyefika darasa la nne atajua nani anapoteza. "Kuondoa haki" silipendi, kwani halionyeshi mkono wa nani umeondoa.

Nilimsomea shangazi kifungu kile kwa maneno hayo. Alifunika kalamu, akaniomba simu ampigie afisa mikopo.

Mfasiri, Tanga