Sanamu ya Askari isiguswe kabla hatujaulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Juzi pale Posta nilimsikia kijana akimwambia mwenzake kwamba Sanamu ya Askari ni masalia ya ukoloni, ing'olewe kama ile ya Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, ilivyong'olewa Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2015. Hasira yake naielewa. Ila pale pameshang'olewa sanamu moja tayari.

Kabla ya Askari alisimama Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyezima mapambano ya Abushiri huku pwani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamshusha. Mwaka 1927 wakaweka Askari wao, sanamu ya askari Mwafrika wa jeshi lao. Aliyepandishwa na aliyeshushwa, babu zetu hawakuulizwa.

Mimi ni mzaliwa wa Kariakoo, na jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sogea usome maandishi ya pale chini: kuna Kiingereza, kuna Kiswahili cha herufi za Kirumi na cha herufi za Kiarabu. Wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono, jina hata moja hakuna! Marehemu bibi alinisomea yale ya Kiarabu nikiwa mdogo, akifuata mstari kwa kidole, kisha akakaa kimya kitambo, kidole kikiwa bado juu ya shaba. Tukiiondoa sanamu, wale watu watakumbukwa wapi tena katikati ya mji huu?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kilichojengwa baadaye kinategemea tamko la waziri. Kwa hiyo sanamu ya 1927 umri wake peke yake haiikingi, na mimi sipendi kumbukumbu ya mji mzima ikae mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani.

Naomba wabunge wetu waiweke sheria wazi: anayetaka kung'oa au kuhamisha mnara wowote wa kumbukumbu atangaze kusudio lake hadharani, wananchi wasikilizwe, na sababu za uamuzi zitolewe kwa maandishi. Na pembeni ya Askari kiwekwe kibao kipya cha Kiswahili, kieleze wapagazi walitoka wapi na walichukuliwaje.

Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam