Shukrani kwa mzee wa pikapu ya kijani, Barabara ya 12, Utah, Marekani

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na mama aliyetutembelea kutoka Tanga. Tumetoka hifadhi ya taifa ya Bryce Canyon, tunaelekea nyingine, Capitol Reef. Tulishapita mji wa Escalante, tuko juu ya ule mgongo wa mwamba kabla ya mji wa Boulder: njia nyembamba, korongo kulia, korongo kushoto, kingo za chuma hakuna. Pancha ikatukuta hapo hapo. Simu haina mtandao, jeki inateleza.

Ulisimama nyuma yetu, ukawasha taa, ukaweka jiwe chini ya gurudumu kabla hata ya salamu. Nati moja iligoma. Ukapanda juu ya spana kwa uzito wako wote mpaka ikalia. Mama ulimpa maji, ukampisha kiti chako, mlango ukauacha wazi apate upepo. Kisha ukatusindikiza polepole hadi Boulder. Hela ukakataa.

Jioni tulikaa Fruita, ndani ya Capitol Reef, chini ya miti ya matunda iliyoanzishwa na walowezi wa dini ya Kimormoni, kuta za mwamba mwekundu zikituzunguka. Mama alikuombea dua, akakuita "kaka yangu yule". Ahsante sana, baba. Mungu akuzidishie.