Mwanangu, samaki yule hukumpoteza wewe

Lamu, Ijumaa baada ya swala

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisumu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mamako ameisoma barua yako mara mbili, kisha akanipa bila kusema neno. Nimefika pale ulipoandika kwamba rafikiyo wa Homa Bay amekualika mkavue ziwani wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, nawe umemkatalia kwa sababu huna bahati na samaki. Maneno hayo yamenichoma, kwani najua yametoka wapi. Kuna jambo nilipaswa kukwambia tangu jioni ile tulipofunga mashua gatini.

Kwanza, siku ile niliyokupeleka kuvua haikuwa ya kwenda mshipi. Ilikuwa tarehe 16 ya Mfunguo Mosi, bamvua kubwa, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Wakumbuka tulivyotoka msikitini alfajiri, mwezi bado umening'inia upande wa bara? Mwezi ukishapevuka hivyo, huvuta bahari pamoja na jua, na hapa kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita 3 kwa muda wa saa sita. Maji yote hayo yana mlango wao kati ya Shela na Ras Kitau, na uliona mwenyewe yalivyotubeba kwenda nje. Anayevua kwa mshipi husubiri siku za maji mafu, kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, mkondo ulegee, chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, ishuke wima hadi mwambani. Hilo nalijua tangu sijafika umri wako. Lakini likizo yako ilikuwa imebaki siku tatu, na nilikuahidi tangu Ramadhani. Sikutaka urudi shule bila kwenda.

Matokeo yake uliyaona. Chubwi haikugusa chini, mshipi ukalala juu ya maji kama uzi wa tiara, na kila tulipoongeza uzito ndoana zikanasa kwenye matumbawe. Hadi saa nne tulikuwa na changu wanne wadogo, chewa mmoja wa kukaanga, na yule bunju uliyemshika mkononi ukamtazama akivimba kabla hujamrudisha. Bei ya petroli peke yake ilipita ya samaki wote hao. Ngisi wa chambo walikuwa wamekwisha kulainika kwa jua. Nawe hukulalamika hata mara moja.

Kisha maji yakasimama. Robo saa tu kabla hayajaanza kujaa, bahari ikatulia, na mshipi wako ukavutwa.

Nilikuwa karibu nawe, niliona kila kitu. Uzi ulikata mstari mwekundu kwenye vidole vyako, hukuuachia. Akikimbia ulimpa, akichoka ulirudisha, pima baada ya pima, kama nilivyokuonyesha. Alipopinduka chini ya mashua tuliuona ubavu wake ukimeta: kolekole, na si mdogo. Ndipo uzi ukawa mwepesi. Mwenzetu aliyekuwa omoni, mbele ya mashua, akasema, "Kijana amevuta kwa pupa." Ulinitazama. Nami nikageuka nikatazama baharini.

Mwanangu, hukuvuta kwa pupa. Alfajiri ile, nilipokuwa nikifumua mishipi gizani, niliupitisha wako kati ya vidole na nikahisi mkwaruzo, kama pima mbili juu ya ndoana. Ulikuwa umesuguliwa na mwamba siku iliyotangulia. Ilinipasa nikate pale pale nifunge upya, kazi isiyofika hata dakika tano. Nikasema nitaufunga tukifika. Tulipofika, mkondo ukanishughulisha nikasahau. Mshipi ulikatikia hapo hapo. Ulipoinama kuosha mikono nilikitwaa kipande kilichobaki, nikakitazama, nikakitia mfukoni. Niliona haya mbele ya mabaharia, nikakuacha wewe uibebe aibu yangu mpaka Kisumu. Nisamehe, baba.

Yule mwenzetu nimemweleza jana gatini, watu wakisikia. Anakusalimu sana na anasema ukirudi utakaa omoni mahali pake.

Sasa nenda ukamwambie rafikiyo kwamba utakwenda. Ziwani hamna bamvua wala maji mafu kama huku kwetu, kwa hiyo uwaulize wenyewe saa zao na upepo wao, usiwafundishe ya baharini. Nijuavyo, upepo wa ziwa huamka ghafla na mvua juu yake, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako hawavai. Sangara ni samaki mzito, wapo waliopita kilo 100, na meno yake madogo pamoja na mashavu yake hula uzi. Basi kabla hamjatoka, upitishe mshipi wote vidoleni taratibu, usiruke hata shibiri moja, na ukihisi kitu, kata. Usimwachie mtu mwingine akufanyie, hata awe mkubwa wako.

Mamako amekutumia visheti kwa mtu anayesafiri Jumapili. Gawa na rafikiyo.

Kile kipande cha mshipi nimekitia ndani ya bahasha hii. Kipapase kwa kidole gumba, karibu na ncha, pale palipogeuka peupe.

Babako