Mdogo wangu wa Nakuru, itoe okidi hiyo kwenye udongo

Mdogo wangu,

Hujambo na wa nyumbani? Picha uliyonitumia nimeiona, nikaivuta karibu mpaka nikaona mizizi. Tafadhali, hata kabla ya kumaliza kusoma barua hii, itoe okidi hiyo (mmea wa maua wa jamii ya orchid) kwenye udongo. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako uliyeuziwa mmea wa namna hiyo kando ya barabara, umeshindiliwa kwenye kopo la udongo mweusi, ukaambiwa uumwagilie kila siku.

Kwa majani yale membamba na shina lile fupi, naamini ni Aerangis luteoalba, ile aina iitwayo rhodosticta. Ikichanua hutakuwa na shaka: kikonyo kinainama, maua meupe yanajipanga safu mbili, na katikati ya kila ua pana kijinguzo chekundu kama tone la damu. Kwao ni kwenye vijitawi vya miti na vichaka vya nyanda za juu, hapa kwetu Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na kwingineko. Haiishi udongoni, wala hainyonyi mti. Inajishikiza tu kwenye ganda, inakunywa mvua na umande, kisha inakaushwa na upepo.

Siri yote iko kwenye mizizi. Chovya mmoja majini uutazame. Ile rangi ya kijivu inayong'aa inatoweka papo hapo, mzizi unageuka kijani. Ngozi yake ya nje ni seli zilizokufa zinazofyonza maji upesi, na zikishalowa zinaonyesha ukijani wa ndani. Maji yakiisha, kijivu kinarudi, na hewa inapita tena. Kwenye udongo hakirudi. Mzizi unaoza, ukiuminya unabonyea, ngozi inavuka na kukuachia uzi mtupu mkononi. Huo ukate kwa wembe uliopitishwa motoni. Ulio mgumu uache hata kama umevunjika ncha, maana unaweza kuchipua pembeni.

Baada ya hapo, tafuta kipande cha tawi kavu chenye ganda lisilobanduka. Tawi la mkahawa linafaa sana. Weka kidogo tu ile mimea laini ya kijani inayotanda kama zulia kwenye miti na mawe yenye unyevu (moss), ufunge mmea kwa uzi wa kuvulia samaki. Usitumie waya wa shaba, unaidhuru okidi. Ning'iniza tawi hilo upande wa nyumba unaopata mwanga wa asubuhi bila jua la saa sita, mahali ambapo upepo unapita. Usiku wa Nakuru wenye ubaridi, mmea utaupenda. Kinachonitia wasiwasi ni ukavu wa Januari na Februari. Miezi hiyo lowesha asubuhi, na siku ya upepo mkavu rudia alasiri mapema, ili ifikapo magharibi pasiwe na maji yaliyotuama katikati ya majani. Maji yakilala pale, moyo wa mmea unaoza, na ukishaoza moyo ni nadra kupona.

Na maji yenyewe, kinga ya mvua. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana chumvi na floraidi nyingi, na mizizi isiyo na udongo wa kuikinga inaungua nchani. Mbolea subiri uone ncha mpya za kijani zikitambaa kwenye ganda. Hapo weka robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mara inayofuata suuza kwa maji matupu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mizizi kwenye picha ilikuwa imekatika kwa kuvutwa, na mmoja bado umeng'ang'ania kipande cha ganda la mti. Mmea huo ulibanduliwa msituni. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Mfaransa Noël Bernard, mtaalamu wa mimea, aligundua hilo mwaka 1899. Kwa hiyo mmea mdogo unaoenea kiganjani una miaka kadhaa, na ni mmoja kati ya mbegu nyingi mno zilizopotea. Tawi likishavuliwa okidi zake, hakuna anayeweza kuzirudisha msimu ujao.

Tena hakuna haja. Mwaka 1922 Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea Mmarekani, alionyesha kwamba mbegu hizo zinaota ndani ya chupa, kwenye agari (jeli itokanayo na mwani) yenye sukari na madini, bila kuvu. Tangu hapo wakulima wanazalisha okidi kwa wingi kwenye vitalu, na aina hii ya kwako ni mojawapo ya zinazozalishwa hivyo. Ya kitaluni pia inavumilia maisha ya nyumbani kuliko iliyong'olewa kwenye mti, kwa kuwa mizizi yake haijajeruhiwa.

Hii uliyo nayo itunze kwa moyo wote, imeshatendewa vya kutosha. Ila yule muuzaji akikuletea nyingine, muulize ilizaliwa wapi, uitazame mizizi. Ukiona imechanika, usinunue hata akikupunguzia bei, na umweleze sababu. Jumamosi nikija nitakuletea tawi la mkahawa na uzi. Wewe weka ndoo chini ya mchirizi wa paa.

Dada yako.