Rukia, nishonee vazi la kuvutika

Rukia shoga yangu,

Salaam nyingi. Natumai wewe, mama na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, ila Mwanaisha bado analalamikia goti. Nimekaa kimya muda mrefu, na leo nakuandikia nikiwa na shida. Salamu nyingine zitafuata, maana jambo hili linanikosesha usingizi.

Nataka unishonee vazi. Ni kama mfuko wa kitambaa cha kuvutika, mrefu toka kichwani hadi vifundoni, hauna mikono, unaacha wazi uso, viganja na nyayo tu. Usicheke, nisikilize kwanza! Fundi wa huku alinishonea kwa mshono wa kawaida. Mwanafunzi alipotanua magoti, uzi ukakatika wote.

Wanafunzi wangu wa dansi ya kisasa tumewafikisha kwa Martha Graham, mchezaji dansi wa Marekani, na hapo wamekwama. Mwaka 1930, New York, mama huyu alicheza peke yake dansi aliyoiita Lamentation, yaani maombolezo, kwa muziki wa Zoltán Kodály. Karibu muda wote amekaa kwenye benchi. Amekaa, Rukia! Anasukuma kitambaa kutoka ndani kwa viwiko na magoti, kinakazika, kinachora mistari ya mshazari, nawe unaiona huzuni yenyewe. Umeshamwona mama aliyefiwa mkekani, anavyojikunja na kuyumba? Ndicho hicho. Kitambaa kisipovutika, dansi haipo.

Wewe fundi utanielewa upesi kuliko wao, kwa sababu mimi naona dansi ya kisasa yenyewe ilianzia nguoni. Loie Fuller, Mmarekani, aliwashangaza watu wa Paris mwaka 1892 kwa hariri tele aliyoirusha kwa fimbo alizozificha ndani yake, huku taa za umeme za rangi zikimulika. Mwaka 1894 akapata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ya vazi la wachezaji huko kwao Marekani. Hataza ya vazi, shoga! Kisha Isadora Duncan, mzaliwa wa San Francisco, akakataa viatu vya baleti, ile dansi ya jukwaani ya Ulaya, na lile vazi la kubana kiuno, akacheza pekupeku na nguo nyepesi ya mtindo wa Wagiriki wa kale. Kwake yeye, mwendo wote unatoka kwenye chembe cha moyo. Sasa kiuno kikibanwa, pumzi itapita wapi?

Na pumzi ndiyo msingi wenyewe. Kwa Graham, ukitoa pumzi tumbo linakazika na mgongo unapinda, ukivuta, unafunguka. Kukaza na kuachia. Doris Humphrey, aliyepita kama Graham katika shule ya dansi ya Denishawn, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1915 na Ruth St. Denis na Ted Shawn, yeye alishika uzito: mwili unaanguka, unajinyanyua, na dansi iko katikati ya hayo mawili. Baleti huficha uzito, mchezaji aonekane kama hagusi ardhi. Hawa wakasema ardhi ipo, ilalie, isukume. Nikifika hapo natamani kufundisha hadi usiku! Nafasi, muda, nguvu, hayo vijana wanayashika. Uzito wanauogopa, hasa wale wasichana wawili unaowajua, na nilitaka kukusimulia yaliyotokea juzi, lakini tukionana.

Narudi kwenye kitambaa. Kivutike pande zote mbili, si upana tu. Graham alivaa zambarau, nami nataka hiyo, iliyoiva. Mshono uwe wa zigizaga au ovaloki, na uzi mzuri, tafadhali, gharama isikutishe. Nikija nitakuletea vipimo vya yule mrefu, ila uache nafasi magotini, hapo ndipo lile la kwanza lilipochanika.

Je, ovaloki yako imetengenezwa? Unacho kitambaa hicho au nikinunue huku? Utahitaji mita ngapi? Utaweza kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi, au una harusi? Na yule binti yako mdogo, bado anaruka ruka sebuleni? Utamwacha aje kwangu likizo? Nawe utakuja naye, ulione vazi lako likichezwa? Nijibu haraka.

Nisalimie mama na shemeji.

Wako,
Zainabu